Bibi Zubeda binti Jaafar na Maji ya Makka

Jina la Harun Rashid halihitaji kujulishwa kwa watu wa pwani. Wazee wetu walilisikia katika hadithi za Alfu Lela U Lela na katika visa vya Abunuwasi, na watoto wetu walisikia humo humo. Lakini Harun wa hadithi si Harun wa tarikh, na mkewe wa hadithi, yule bibi wa mapambo na wivu, si huyu tunayemkuta katika vitabu vya wanavyuoni. Bibi Zubeda wa tarikh aliacha kitu ambacho mahujaji walikinywa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa sababu hiyo tumeona tueleze maisha yake kwa ufupi, na tukae zaidi juu ya kazi yake ya maji, kwani ndani yake yamo mambo yanayotugusa sisi tunaopokea sadaka za kujenga na kuchimba, kisha vilivyojengwa vikafa mikononi mwetu.

Jina lake la asili lilikuwa Amatul Aziz, na kuniya yake Ummu Jaafar. Baba yake ni Jaafar, mwana wa Khalifa Abu Jaafar Al-Mansur aliyeujenga mji wa Baghdad. Al-Mansur huyo, babu yake, ndiye aliyempa lakabu ya Zubeda alipokuwa akimchezesha utotoni, kwa weupe wake na unono wake, kwani zubda kwa Kiarabu ni siagi. Lakabu ikalifunika jina. Katika mwaka wa 165 wa Hijra (781) aliolewa na Harun, mtoto wa ami yake, naye Harun akashika ukhalifa mwaka 170 (786). Wakamzaa Muhammad Al-Amin, ambaye katika makhalifa wote wa Bani Abbas ndiye peke yake aliyekuwa Bani Hashim kwa baba na kwa mama.

Hatutaki kumpamba kwa mambo asiyokuwa nayo. Alikuwa binti wa wafalme na aliishi kifalme. Wanahistoria wametaja vito alivyovivaa hata ikawa siku nyingine hushikwa mikono na wajakazi kwa uzito wake, na viatu vyake vilivyotiwa johari, na wanawake wa Baghdad wakimuiga kwa kila anachokianza. Wametaja pia kwamba katika kasri lake walikuwamo wajakazi mia moja waliohifadhi Kurani, kila mmoja akisoma sehemu yake kwa siku, na sauti zao zikisikika nje kama mvumo wa nyuki. Yote mawili yalikuwa katika nyumba moja. Na katika siasa alikuwa na mkono mzito: alipigania mwanawe Al-Amin atangulizwe mbele ya kaka yake Al-Maamun, aliyekuwa mwana wa suria, na fitina iliyotoka katika jambo hilo baadaye iliumwagia mji wa Baghdad damu nyingi.

Sasa tuingie katika jambo lililomweka katika vinywa vya watu.

Njia ya mahujaji kutoka Iraq kwenda Makka hupita jangwani kuanzia Kufa, masafa yanayokaribia kilomita 1,400. Mara nyingi watu husema kwamba Bibi Zubeda ndiye aliyeianzisha, na hata leo inaitwa Darb Zubeda, yaani njia ya Zubeda. Haki ni kusema kuwa aliikuta. Khalifa wa kwanza wa Bani Abbas, As-Saffah, aliweka alama za maili na minara ya moto mwaka 134 (751), na Al-Mahdi, baba mkwe wake Zubeda, aliamrisha mwaka 161 (777) vijengwe vituo na birika na visima. Alichofanya Zubeda ni kutazama penye upungufu na kuujaza. Palipokuwa na mwendo mrefu usio na maji, akachimba kisima au akajenga birika la kukinga maji ya mvua katikati ya vituo viwili, ili mwenye kutembea kwa miguu asife kabla ya kufika pale ambapo mwenye ngamia hufika bila ya taabu. Huyu alijua kwamba njia haipimwi kwa mwendo wa mwenye nguvu. Wangapi leo wanaoanza kazi ya heri hujiuliza kwanza nini kipo tayari, na pengo liko wapi? Wengi hupenda kuanza upya ili jina liwe lao, na msikiti hujengwa ubavuni mwa msikiti.

Makka yenyewe ilikuwa na shida kubwa zaidi. Zamzam ipo, lakini mji na mahujaji wake hawatoshelezwi na kisima kimoja. Muawiya alikuwa ameleta maji ya chemchemi katika zama zake, kisha mifereji hiyo ikaharibika. Katika msimu wa hija kiriba kimoja cha maji kiliweza kuuzwa kwa dinari nzima. Anayeujua uzito wa dinari ya dhahabu atafahamu kuwa maskini katika mji wa Mwenyezi Mungu alikuwa akinunua uhai wake.

Al-Azraqi, mwanahistoria wa Makka aliyeishi katika karne hiyo ya tatu ya Hijra, ameieleza kazi hiyo kwa utaratibu, naye anaiweka mwaka 194 (809 hadi 810), yaani baada ya Harun kwisha kufa na Al-Amin kuwa khalifa. Bibi Zubeda aliamrisha kwanza mfereji uletwe kutoka mahali pa karibu, ndani ya mipaka ya Haram. Fedha nyingi zikatumika, maji yakaja, lakini yakawa machache yasiyokidhi haja. Hapa ndipo wengi wetu tungesimama. Tungefanya hafla ya kufungua, tungepiga dua, na tungeandika kuwa maji yameletwa. Yeye alikwisha kutoa, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliwaamuru wahandisi waende mbali zaidi, nje ya mipaka ya Haram, walete maji ya huko. Watu wakasema kuwa hayo hayawezekani, kwa kuwa maji ya nje hayaingii Haram, yamezuiwa na milima na majabali.

Wahandisi wakaenda upande wa Hunein, na hapo palikuwa na shamba la mitende likinyweshwa kwa chemchemi. Zubeda akalinunua lile shamba, akaliondoa, na maji yake yakageuzwa kuelekea Makka. Akanunua kwa bei. Hakutumia nguvu ya ufalme kumnyang'anya mwenyewe. Mfereji ukachongwa katika mawe zaidi ya maili kumi, ukishuka kidogo kidogo ili maji yatembee kwa uzito wao wenyewe bila ya gurudumu wala mnyama. Kadhalika zikaunganishwa chemchemi nyingine njiani, na pakatengenezwa mahali pa kukusanya maji ya mafuriko mvua inyeshapo, ili mfereji usitegemee chanzo kimoja. Mfereji mwingine unaonasibishwa naye uliletwa kutoka Wadi Nuuman kwa ajili ya Arafa. Gharama iliyotajwa na Al-Masudi ni dinari milioni moja na laki saba.

Kuna kisa mashuhuri kuwa kazi ilipokwisha wasimamizi walimletea madaftari ya hesabu, naye akiwa katika kasri lake juu ya mto Dijla. Akayachukua akayatupa mtoni, akieleza kuwa hesabu hiyo ameiachia Siku ya Hesabu, na aliyebakiwa na fedha amesamehewa, na anayedai atalipwa. Kisa hiki hupendwa sana na watu wa kamati. Tumewahi kukisikia kikitajwa katika mikutano, hasa inapokaribia saa ya kusoma matumizi. Basi na ieleweke vizuri. Zubeda alitoa mali aliyokuwa akiimiliki, na madaftari yaliletwa kwake baada ya maji kwisha kufika. Mwenye mali akisamehe, amesamehe chake. Lakini msimamizi aliyepewa fedha za watu hana mto wa kutupia madaftari. Ameshika amana, na haki ya kusamehe si yake. Wale wasimamizi wa Zubeda, jambo ambalo wasimuliaji huliruka, waliandika kila kitu na wakayaleta madaftari wenyewe.

Wapo pia waliosimulia kwamba alionekana ndotoni baada ya kufa, akaulizwa kama amesamehewa kwa yale aliyoyatumia katika njia ya Makka. Akajibu kuwa thawabu za mali ile zimerudi kwa wenyewe, na yeye amesamehewa kwa nia yake. Ndoto si hoja katika sharia, na hatuijengi hukumu juu yake. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba Waislamu wa zamani hawakuridhika kuuliza fedha imefanya nini. Waliuliza na imetoka wapi. Hazina ya wafalme ilikuwa na kodi ya haki na kodi ya dhulma. Nasi tunapoletewa msaada, swali hilo ni letu pia, pamoja na jingine lililo jepesi kulisahau: fedha hizi ni sadaka, ni wakfu, au ni zaka? Zaka ina watu wake wanane, na jamhuri ya wanavyuoni hawakubali ichimbe kisima wala ijenge msikiti, hata haja iwe kubwa namna gani.

Miaka minne haikupita tangu kuanzwa kazi ile ya Makka ila balaa likamfikia. Jeshi la Al-Maamun liliuzingira mji wa Baghdad, na mwaka 198 (813) Al-Amin akauawa. Walikuja watu wakamchochea atoke kudai damu ya mwanawe, wakimpigia mfano wa Bibi Aisha na damu ya Seyidna Uthman. Akakataa, akavaa nguo za msiba, akamwandikia Al-Maamun. Naye Al-Maamun akamheshimu kama mama. Katika mwaka 210 (825), Al-Maamun alipomwoa Buran, Bibi Zubeda alihudhuria arusi hiyo mashuhuri, na bibi arusi akamwombea kwa mumewe ruhusa ya kwenda hija.

Mwaka huo huo wa 210 lilikuwa limetokea jambo Makka. Maji ya mfereji yalikuwa yakiishia katika birika la Ummu Jaafar kwenye sehemu ya juu ya mji, upande wa Maala. Watu wa sehemu za chini, wa Ajyad na kwingineko, walikuwa wakipanda na viriba vyao mpaka huko. Mtawala wa Makka, Saleh bin Abbas, akapata idhini ya Al-Maamun kujenga birika tano ndani ya mji, maji yateremke kwa watu mitaani kwao. Watu wakafurahi.

Mwaka 211 Bibi Zubeda akaja hija. Saleh akaenda kumwamkia. Badala ya kumpongeza, bibi akamlaumu. Kwa nini hakumwandikia, ili amwombe Khalifa kazi hiyo iwe juu yake yeye, ailipie kama alivyolipia birika lake, na lile alilolinuia kwa watu wa Haram likamilike? Saleh akabaki kutaka radhi.

Tungependa msomaji alitafakari tukio hili zaidi kuliko lile la madaftari. Ilikuwa imepita miaka kumi na saba tangu kuanzwa kazi. Mumewe amekufa, mwanawe ameuawa, ufalme umetoka mikononi mwake, naye ni mzee. Bado aliihesabu kazi ile kuwa haijakwisha maadamu bibi kizee wa Ajyad anapanda mlima na kiriba kichwani. Na aliona uchungu kuwa upungufu umegunduliwa na mtu mwingine, naye hakuambiwa. Wafadhili wa namna hii ni wachache, na ni haki kusema kuwa wapokeaji wa namna ya kuwaandikia wafadhili habari za upungufu ni wachache zaidi. Barua zetu kwa wahisani huwa mbili: ya kuomba na ya kushukuru. Ile ya tatu, ya kueleza kuwa maji hayafiki sehemu ya chini ya mtaa, haiandikwi, kwa kuogopa kuonekana kuwa hatukushukuru.

Bibi Zubeda alikufa Baghdad mwaka 216 (831), Mungu amrehemu.

Na maji je? Mfereji hauishi kwa dua ya mwenye kuujenga. Mchanga huuingia, mafuriko huuvunja, watu huutoboa. Katika mwaka 245 (859), miaka ishirini na tisa tu baada ya kifo chake, chemchemi ya Mushash iliyokuwa ikiinywesha Makka ilififia hata kiriba kikafika dirhamu themanini, ikabidi itolewe mali kutoka nyumba ya Khalifa Al-Mutawakkil kuifufua. Ikafa tena na kufufuliwa tena mara nyingi. Mwaka 726 (1326) Amir Chupan wa dola ya Wamongoli waliosilimu aliitengeneza. Zama za Sultan Suleiman, binti yake Mihrimah aliomba kazi hiyo iwe yake, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa ya mwanamke. Ikaanza mwaka 1562, na mafundi wakadhani kuwa kazi ni kuzibua tu mfereji wa zamani. Wakafika mahali wakakuta mwamba mtupu usiowahi kuchongwa. Wakawa wakiwasha kuni juu ya mwamba ili upasuke kwa moto, kisha huvunja kwa nyundo, kipande kwa kipande. Msimamizi wa kwanza akafa kazini, gharama ikapita mbali makisio ya mwanzo, na maji yakaingia Makka mwaka 1571. Na katika robo ya mwisho ya karne ya 19, Waislamu wa Bara Hindi walichanga mali kwa ajili ya mfereji huo huo. Leo Makka hupata maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, yakiletwa kwa mabomba kutoka Shuaiba, na mfereji wa Zubeda umebaki kuwa athari.

Kule jangwani, birika zake zilidumu zaidi. Ibn Jubair wa Andalus alipita njia hiyo mwaka 1184, miaka 353 baada ya kifo chake, akayaona maji na akashuhudia kwamba lau si athari za bibi huyo njia ile isingepitika.

Tumeyaeleza haya ya kufa na kufufuka kwa sababu huku kwetu tunaviona visima vya misaada, na hatutaji mahali, ambavyo kibao cha marumaru chenye jina la mhisani bado kinang'aa na pampu imekufa mwaka wa pili. Hakuna aliyeiba, pengine. Ila fedha yote iliingia katika kuchimba, na haikubaki hata ya kununua mpira wa pampu. Au kisima kilichimbwa karibu na bahari bila ya kupimwa, na maji yakageuka ya chumvi. Au ardhi ilikuwa ya mtu, naye akafa, na warithi wakafunga mlango.

Fikihi yetu imekwisha kuyafikiria haya. Asili ya wakfu inayojulikana na kila mwanafunzi ni ile ardhi ya Seyidna Umar huko Khaibar: shina likazuiliwa lisiuzwe wala lisirithiwe, matunda yake yakatolewa, na msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema. Katika mpango huo mdogo vitu vyote vimo, pato lisilokwisha na mtu wa kulitunza mwenye riziki yake. Na wanavyuoni wakasema kwamba pato la wakfu huanzia katika kuukarabati wakfu wenyewe, kabla ya wanaonufaika kupata fungu lao, hata kama aliyeuweka hakulishurutisha jambo hilo. Basi anapokuja mhisani na fedha za kisima, na aambiwe mapema, kwa adabu, kwamba sehemu yake inunue kibanda cha duka au chumba cha kupangisha, kiandikwe wakfu kwa ajili ya kisima hicho, na kodi yake iwe ya fundi na ya vipuri. Kisima kiwe kimoja badala ya viwili. Na yaandikwe hayo katika hati tangu siku ya kwanza, pamoja na jina la mtaa utakaonufaika na namna ya kumbadilisha msimamizi, kwa kuwa sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa kama linavyofuatwa andiko la sharia, na lililosahauliwa siku hiyo ni vigumu kulitia baadaye. Kama watumiaji watatoa ada ndogo ya umeme wa kupandisha maji, na liandikwe hilo pia, watu wasije wakasema kuwa sadaka imegeuzwa biashara.

Imebaki kueleza juu ya kaburi la Bibi Zubeda, kwani wasomaji waliosafiri wamewahi kutuuliza. Baghdad lipo kaburi lenye kuba refu lililopanda kwa ngazi ngazi kama chane la mananasi, na watu kwa karne nyingi wamelizuru wakiliita la Sitti Zubeda. Si lake. Ni la Zumurrud Khatun, mama yake Khalifa An-Nasir, aliyekufa mwaka 1202. Bibi Zubeda alizikwa katika makaburi ya Makureshi, upande wa Kadhimiya, karibu na mwanawe, na kaburi lake liliteketezwa katika fitina ya mwaka 443 (1051).